Chai Yenye Sukari

Mume wangu aliporudi kutoka mpakani, jambo la kwanza alilofanya nyumbani ni kufunga mifuniko ya sufuria zangu kwa matambara. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani na uso mlangoni, akachana kanga yangu kuukuu, akavisha kila mfuniko kitambaa chake na kukikaza kwa uzi. Nilipomuuliza kanga yangu imemkosea nini, akasema mifuniko ina kelele. Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mtu aliyetoka safari ndefu.

Tulikuwa tunakaa nyumba za askari pale Kampala, chumba kimoja na jiko la nje, pamoja na mtoto wetu wa kike ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mume wangu alikuwa mtu wa kaskazini, amebatizwa. Mimi ni binti wa mwalimu wa madrasa wa Bwaise, katika zile koo zilizokuja na biashara kutoka pwani zamani za mababu zikasahau kurudi. Baba alinuna sana tulipooana. Alisema nimeolewa na bunduki. Baadaye akalainika kidogo, nadhani kwa sababu mkwe wake alizungumza Kiswahili, japo cha kambini, na majirani zetu wengi Waganda walikiona Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, hawataki hata kukitia mdomoni.

Baada ya mifuniko yakaja mengine. Akawa anakula amesimama. Kitanda alikisogeza katikati ya chumba, eti ukuta unasikiliza. Mlango ukibamizwa na upepo, jasho linamtoka shingoni kana kwamba amemwagiwa maji. Usingizi ulikuwa umemhama kabisa, na bunduki yake ilikaa chini ya kitanda hicho hicho, sisi watatu tunalala juu yake. Nilikuwa naogopa. Sikuogopa kwamba ni mtu mbaya, maana sijapata kuishi na mtu mpole kama yeye. Niliogopa siku atakayosahau sisi ni nani.

Na sikuwa na wa kumwambia. Mimi kwa asili ni mtu wa shaka. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilipozaliwa nilimkagua mkunga kwanza, ndipo nikalia. Miaka ile ikanikomaza zaidi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mke wa askari vilevile, alikuwa akija kuomba chumvi huku macho yake yamepita begani kwangu mpaka uvunguni, na akiondoka ananiuliza kwa sauti ya huruma kama bwana analala vizuri siku hizi. Labda aliuliza kwa wema. Labda hata mume wake alikuwa hapati usingizi. Mimi nilimjibu kwamba anakoroma mpaka bati linatikisika, nikampa chumvi yake, nikafunga mlango.

Nilikuwa na sababu. Dereva mmoja wa kambini, aliyeanza kuzungumza peke yake njiani, aliitwa ofisini mchana kweupe, akatoe maelezo kidogo. Aliyekuwa akifagia pale alisimulia baadaye kwamba yule dereva alipokewa vizuri mno. Alipewa kiti, akapewa pole na kazi, akapewa chai kwenye kikombe na kisahani chake, na chai yenyewe ina sukari. Mwaka ule sukari ilikuwa imepotea mjini. Watu walisikia harufu yake kwenye magunia matupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kukaanga mandazi ya kuuza nikageukia kabalagala, vile vya ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa muhogo, ambavyo utamu wake wote unatoka kwenye ndizi. Ndizi hizo nilizifuata Namuwongo, karibu na reli, kwa sababu huko zilikuwa rahisi. Basi yule dereva alikunywa chai yake, na mkewe akarudishiwa baiskeli tu. Tangu hapo, kambini kwetu, mtu akikaribishwa chai ya sukari na mkubwa yeyote, alijua kwamba mdomo ni wa kufungwa.

Ndipo likaja tangazo kwamba kikosi kizima kilichotoka mpakani kitapimwa kichwa. Daktari ameletwa kwa kazi hiyo, Muganda aliyesoma ng'ambo. Atamuuliza kila mtu analala vipi, anaota nini, anasikia sauti gani, na asiye sawa atatibiwa. Wanaume walilirudia hilo neno "atatibiwa" kwa sauti ya chini huku wakitazamana.

Mume wangu alirudi kutoka kupimwa na uso mkavu. Nikamuuliza huyo daktari ni mtu wa namna gani. Akasema ama ni mjinga, ama ni mtu wao. Mezani ameweka birika, vikombe na bakuli la sukari limejaa mpaka juu, wazi kabisa, na kila askari anayeingia anaambiwa akae, anywe. Hata wale waliokuwa wakipiga kelele usingizini waliliona lile bakuli wakasimama mkakamavu, wakasema mimi iko sawa, afande. Kikosi kizima kikawa sawa. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuota.

Wakubwa hawakuridhika. Wakaamuru tuitwe sisi wake, maana mwanamume anaweza kumficha daktari lakini hawezi kumficha anayelala naye. Mume wangu alinipa maneno ya kwenda kusema, akayafanya mafupi ili nisikosee. Niseme analala. Niseme anakula. Basi.

Nami nilikubali. Lakini asubuhi ile ya kwenda, mtoto aliangusha sahani ya bati. Kabla sahani haijamaliza kuzunguka sakafuni, baba yake alikuwa ameshamrukia, amemvuta chini ya meza, amemlalia, na kiganja chake kimemziba mdomo na pua. Nilimwita, hakusikia. Nikamvuta mkono, haukusogea. Miguu ya mwanangu ilikuwa inapigapiga sakafu. Sijui akili ile ilitoka wapi. Nilisimama wima katikati ya chumba, nikakaza sauti kama sajini wa gwaride, nikasema, "Askari, simama!"

Akasimama. Alisimama wima kabisa, mikono ubavuni, kidevu juu, machozi yanamtiririka, na mtoto akapata pumzi akaanza kulia. Nilimkumbatia mwanangu, lakini macho yangu yalikuwa kwa baba yake, aliyekuwa bado amesimama pale mbele yangu mimi mkewe akingoja amri nyingine. Iliniuma kuliko kama angenipiga. Nikamwambia apumzike, akakaa. Nikaapa moyoni kwamba sauti ile sitaitumia tena kwake maishani.

Nikampeleka mtoto kwa baba Bwaise, kisha nikaenda kwa daktari nimeamua kusema kila kitu. Kama ni tiba, watibu. Kama ni mtego, basi na uwe, kuliko kumzika mwanangu.

Daktari alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Karibu na dirisha aliketi sajini, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Alikuwa hapo, tuliambiwa, kumsaidia daktari Kiswahili. Na lile bakuli lilikuwa mezani kama nilivyoambiwa. Nilimchukia yule daktari kabla sijakaa. Alitabasamu kama muuza duka, akatia sukari kwenye kikombe, akatia tena, akakoroga kwa kelele nyingi. Kisha akauliza kama bwana analala.

"Daktari," nikasema, "mume wangu—"

"Kunywa chai kwanza, mama," akanikata. "Iko na sukali."

Nikamwambia sikufuata chai, nimekuja kueleza habari za mume wangu. Akakisukuma kikombe mpaka kikagusa vidole vyangu, akasema sukari ni nyingi, nionje. Hasira ilinipanda. Mwanangu nusura akate roho asubuhi hiyo, na mtu huyu ananibembeleza na chai kama mgeni wa harusi. Nikafungua mdomo mara nyingine. Hapo tabasamu likamtoka, akanitazama machoni, akatamka polepole.

"Mama, mimi nakwambia, iko na sukali."

Nilimtazama vizuri. Mkono wake ulioshika kijiko ulikuwa unatetemeka. Nikamtazama sajini, nikaona ameacha kunywa, amekunja miguu, ananingoja mimi niseme. Mtu aliyekuwa anatega mle ndani hakuwa yule anayetetemeka. Sikuelewa yote, nilielewa nusu, lakini nusu hiyo ilitosha. Nikachukua kikombe nikanywa.

"Mume wangu analala," nikasema. "Anakula. Ila analalamika tumbo."

Tumbo nililitoa wapi, sijui. Nadhani sikuweza kutoka pale bila kuacha kitu chochote mezani. Daktari alilidaka kama mpira. Akauliza ni tumbo la chini, nikasema la chini. Akauliza linamuuma akibeba mzigo, nikasema akibeba mzigo hulia. Akamgeukia sajini akatangaza kwa furaha kwamba hiyo ni ngiri, mtu wa namna hiyo hawezi kurudishwa mpakani kubeba vitu. Sajini alicheka sana. Habari ya ngiri humchekesha kila mwanamume asiye nayo.

Nilipoinuka, daktari akanusa hewa, akaniuliza kama ninapika kabalagala, maana nanukia mafuta. Nikasema nauza. Akasema mama yake mzazi anakaa Bukoto, kwenye maghorofa ya nyuma ya soko, ngazi ya juu kabisa, na anavipenda sana. Nimpelekee. Sajini akanikonyeza, akasema madaktari wote wanapenda kula bure.

Mume wangu aliposikia akasema usiende, huo ndio mtego wenyewe, wa sukari ulikuwa wa kukulainisha. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, nami nilifikiri hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimeuona mkono ule. Nilikwenda peke yangu, beseni kichwani, nikazunguka soko la Bukoto nikinunua nyanya nisizozihitaji huku nikizichunguza zile ngazi, nani anapanda, nani anashuka, gari gani limesimama bila sababu. Kila aliyenitazama nilimshuku. Hata mwenye nyanya nilimshuku, kwa kuwa alinipunguzia bei.

Aliyenifungulia alikuwa bibi mfupi, mnene kidogo, ambaye alinipigia magoti ya salamu za Kiganda kana kwamba mimi ni mkubwa kwake. Nilimsalimu kwa Kiganda. Alisema Kiswahili anakisikia, lakini mdomo wake umezeeka mno kukibeba, na wenyewe wa lugha hiyo hawajampa sababu ya kujifunza. Akanipa chai. Nilikishika kikombe nikakinusa kabla ya kuonja. Ilikuwa ya rangi, ina tangawizi, chungu kabisa, bila hata punje ya sukari. Sijapata kufurahia chai kama ile. Mabega yangu yalishuka yenyewe.

Daktari alitoka ndani amevaa fulana, shati lake amelikamua mkononi. Akanieleza mambo wazi. Sukari haikuwa yake. Waliomwagiza kazi ndio walioileta, wakamwambia chai hulegeza ndimi, naye akishajua nani kichwa hakiko sawa awapelekee jina. Aliwauliza watu hao watatibiwa hospitali gani. Hakujibiwa. Kukataa hakuweza, kwa kuwa anayekataa naye hunyweshwa chai. Kwa hiyo akaiweka sukari wazi mezani ionekane tangu mlangoni, na kwa asiyeiona, yeye huitaja.

"Wao naleta sukali," alisema. "Mimi natangaza tu."

Mama yake alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, akarudia yale maneno ya mwanawe kwa Kiswahili cha kuigiza, iko na sukali, iko na sukali, na mimi nikacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu mume wangu arudi. Kisha nikamuuliza daktari habari ya wengine, wale wagonjwa kweli aliowaandika wazima wakarudishwa mpakani na bunduki zao. Akavua miwani. Akasema hawezi kukipa kikosi kizima ngiri. Nilikuwa nimekusudia kuendelea kumchukia, lakini hapo nikashindwa.

Daktari alitaka nimlete mume wangu wazungumze pale kwa mama yake, basi akaanza kwenda Bukoto nami, yeye amebeba beseni, mimi natangulia. Kambini walimtania bila huruma. Walimfundisha namna ya kukaa, namna ya kucheka bila kujiumiza, wakamshauri asipande baiskeli. Alihamishiwa stoo, akakabidhi bunduki, na mimi nikalala usiku huo kama maiti. Alijifunza hata kutembea kama mwenye ngiri, miguu imeachana kidogo, na siku moja karibu na soko nilimwona anacheka peke yake kwa mwendo wake mwenyewe.

Walikuwa wakikaa chumba cha ndani, yeye na daktari, mlango umerudishwa. Mimi nilibaki na bibi tukimenya ndizi. Nilisikia sauti ya mume wangu ikipanda na kushuka, inazungumza na kuzungumza, mtu ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Niliona wivu, sifichi. Nilijiuliza ni jambo gani anaweza kumpa Muganda asiyejua hata kulisema vizuri jina lake, lakini hawezi kunipa mimi. Niliwaza pia, maana shaka hainiachi, kwamba yote hayo siku moja yanaweza kupelekwa kwa mtu. Bibi alinitazama nikitega sikio, akaniambia nimenye ndizi.

Kisha, baada ya wiki kadhaa, sauti ikanyamaza. Nilisubiri, nikaingia. Mume wangu alikuwa amelala kwenye mkeka wa bibi, ubavu, mdomo wazi, mgongo ameupa mlango. Mgongo mlangoni! Daktari alikuwa amekaa kando yake anasoma gazeti kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilirudi jikoni nikalia juu ya maganda ya ndizi. Tangu siku hiyo, kila tulipokwenda alizungumza kidogo, akalala, na bibi akawa anamtandikia mkeka hata kabla hatujafika.

Nyumbani alianza kula amekaa. Mtoto alirudi kutoka Bwaise, na baba yake akamfundisha kugonga mlango kabla ya kuingia, wakaufanya mchezo. Mfuniko mmoja ulifunguka uzi wake, kitambaa kikaanguka, na hakukirudisha.

Siku ya mwisho ya Bukoto ilikuwa alasiri ya mvua ndogo. Mume wangu alibaki chini kidogo akikung'uta tope kwenye viatu, kwa sababu bibi alichukia tope. Nikampokea beseni, nikatangulia kupanda. Mlango ulifunguliwa kabla sijagonga. Bibi alikuwa amefunga mshipi wa gomesi yake vizuri sana, kama mtu mwenye wageni. Hakupiga magoti. Alisimama akaujaza mlango, akanitazama usoni, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa:

"Karibu, mama. Ingia kunywa chai. Iko na sukali."

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Nilisikia harufu ya sigara, na nyumba ile haikuwa na avutaye.

Nikasema kwa sauti vilevile, asante, mimi nauza kabalagala tu, kama anataka. Akasema leo hataki, niwapelekee wengine. Midomo yake ilikuwa imekauka. Akafunga mlango polepole, kama unavyofunga chumba chenye mtoto aliyelala.

Nilikutana na mume wangu katikati ya ngazi. Hakuhitaji kuambiwa. Aliona uso wangu, mkono wake ukaenda kiunoni kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, kisha akanipita akaendelea kupanda. Juu kule wale watu wa sukari walikuwa wamekaa na yule mama, na labda na mwanawe, watu waliomrudishia usingizi. Nilimshika shati. Alinitoa mkono bila kunitazama. Mtoto wetu alikuwa nyumbani anatungoja. Beseni lilikuwa kichwani, ngazi ni nyembamba, nguvu za kumshinda sina. Nilikuwa na kitu kimoja tu.

"Askari," nikasema kwa kunong'ona. "Nyuma, geuka."

Akageuka. Akashuka ngazi mbele yangu, mikono ubavuni, mpaka barabarani, mpaka sokoni, mpaka njia ya nyumbani, na mimi nyuma yake na kabalagala ambavyo hakuna aliyevila.

Daktari hatukumwona tena. Kambini ilisemekana amehamishwa, na kila aliyelitamka neno hilo alitazama chini. Serikali ile ilipoanguka tulirudi Bukoto. Waliofungua mlango hawakumjua bibi wala mwanawe. Niliwashuku nao, lakini walikuwa watu wa kawaida, waliopata nyumba tupu wakaingia.

Mume wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalala usingizi wake, akazeeka. Miaka yote hiyo nilijifariji kwa jambo moja. Nilijiambia kwamba pale kwenye ngazi ugonjwa wake ndio ulionitii, kama asubuhi ile ya sahani, na kwamba yeye mwenyewe hakuwepo. Hakuchagua kuwaacha bibi na mwanawe. Hana deni nao.

Siku moja, tukiwa tumekaa uani yeye na mimi, chai mbele yetu, aliiweka sukari akakoroga muda mrefu. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza kitu:

"Siku ile kule Bukoto nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua ni wewe."

Akanywa chai yake. Mimi yangu nilishindwa kuimaliza. Afadhali angeniambia kwamba hakujua.